Nililipa faini mahakamani 2019, leo mfumo unasema nadaiwa 37,500. Jalada la kesi ya trafiki napataje?

#1 Semi ya Tunduma
Wakuu salama. Mimi ni dereva wa semi, daraja E, mwaka wa kumi na moja huu nipo barabarani, na nina jambo limenikaba koo.

Mwaka 2019 natokea Tunduma na mzigo kuja Dar, nikasimamishwa saa moja asubuhi kwenye mji mmoja mdogo barabara ya Morogoro, kosa nimeovateki kwenye mstari usiokatika. Kweli nilifanya, kulikuwa na bajaji inatambaa mbele yangu nikaona nichomoke, siwezi kukataa. Askari akasema hili silikuandikii, twende mahakamani. Saa tano nikasimama mbele ya hakimu, nikasomewa shtaka, nikakiri, nikapigwa faini. Hela yote sikuwa nayo nikakopa kwa utingo wangu, tukalipa, nikapewa karatasi, saa saba nipo kwenye usukani naondoka zangu.

Sasa mwezi huu nimeomba kazi kampuni moja ya transit, mizigo ya kwenda nje ya nchi, wanataka leseni isiyo na deni. Nimeingia TMS, ule mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya trafiki, nikaweka namba ya leseni, linatoka deni 37,500, tarehe ileile ya 2019. Na ile karatasi ya malipo nimeitunza kwenye kava la leseni miaka yote, juzi naifungua imekuwa nyeupe pee, wino wote umekimbia, ukiielekeza juani ndo unaona kivuli cha tarakimu mbili tatu.

Kumbukumbu za kesi ndogo kama hii zinakaa wapi na nakala napataje? Na hili deni nilipe tu yaishe au nikomae?

#2 Bati la Geji 28
Lipa mkuu. 37,500 na kazi ya transit wapi na wapi? Kazi ikipita hairudi.

#3 Mama Kibegi
Usilipe. Ukishalipa umekubali kosa, na kesho wakikuuliza mbona una makosa mawili siku moja utajibu nini? Tafuta karatasi za mahakama kwanza.

#4 Kanyagio
Hesabu yenyewe inaongea hapo. 30,000 ndo faini ya notifikesheni, ile karatasi ya kulipa bila kwenda mahakamani, ongeza asilimia 25 ya kuchelewa ambayo ni 7,500, unapata 37,500 kamili. Kwa hiyo hilo sio deni la mahakama kabisa, ni la polisi. Nionavyo mimi askari alishakuandikia kwenye mashine asubuhi ileile akabadili mawazo akakupeleka kwa hakimu, na ile ya kwenye mashine hakuna aliyeifuta. Mfumo wa polisi una mambo yake na mahakama ina ya kwake, havisalimiani.

#5 Mzee wa Masjala
Nimekaa na majalada miaka mingi kabla ya kustaafu, ngoja nimsaidie huyu kijana.

Kesi ya trafiki ni kesi ya jinai kama nyingine, Jamhuri dhidi yako, na inapofunguliwa inapewa namba, "Kesi ya Trafiki Na. fulani ya 2019", inaandikwa kwenye rejista ya mahakama hiyohiyo uliyosimamishwa. Usihangaike kwenda mahakama ya mkoa au makao makuu, watakurudisha. Nenda masjala ya palepale, andika barua kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi wa wilaya hiyo, taja tarehe, jina lako kama lilivyo kwenye leseni, kosa, namba ya gari, na uombe nakala ya mwenendo wa shauri na adhabu. Usitegemee hukumu ya kurasa ishirini. Mtu aliyekiri jalada lake ni jembamba: hati ya mashtaka, maneno yako "ni kweli", maelezo ya kosa, kutiwa hatiani, adhabu. Karatasi mbili tatu, nyingi zimeandikwa kwa mkono.

Na ukifika usimwambie karani akutafutie kwa jina. Mwambie tarehe. Majina huwa yanaandikwa vibaya kuliko mnavyodhani.

#6 Bati la Geji 28
Mzee shikamoo. Swali la kizushi, hivi hizi hukumu si zipo zote kwenye tovuti ya TanzLII siku hizi? Anaingia tu anatafuta jina lake.

#7 Mzee wa Masjala
Marahaba. Hapana mwanangu. TanzLII utakuta zaidi za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Kesi ya trafiki ya wilayani utaiona kule ikiwa mtu alikata rufaa ikapanda Mahakama Kuu, na mara nyingi ni za ajali za vifo. Ya kuovateki aliyokiri na kulipa siku hiyohiyo hutaiona. Na mfumo wa sasa wa kusajili mashauri kwa kompyuta haumsaidii sana mtu wa rejista ya kitabu.

#8 Dada wa Tegeta
Naona wote mmeruka jambo moja. Mkuu #1 hujatuambia hilo deni linasema KOSA gani. TMS inaonyesha kosa, sehemu, tarehe na saa. Kama kosa ni kuovateki basi Kanyagio yuko sahihi, umeadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Kama ni kosa jingine basi inawezekana ulikuwa na makosa mawili, moja likaenda mahakamani na jingine likaandikwa. Yangu mimi ilikuwa hivyo, nikapigwa tochi, ile mashine ya kupima mwendo, na taa ya breki imekufa, nikaandikiwa mbili.

#9 Semi ya Tunduma
Dada wa Tegeta asante, kweli nilikuwa naangalia namba ya hela tu. Nimerudi kuangalia. Kosa ni MWENDO. Saa 14:10. Sehemu ni palepale niliposimamishwa asubuhi.

Sasa ndo nimezidi kuchanganyikiwa. Saa nane na dakika kumi mchana mimi nimeshatoka mahakamani saa nzima nyuma, na mahakama yenyewe iko mbele ya pale waliponisimamisha kama unaelekea Dar. Sikurudi nyuma. Ningerudije na semi?

#10 Mkaa Chalinze
Hahaha ulitoka kwa hakimu na hasira ukaikanyaga, tochi ikakunasa 😂

#11 Semi ya Tunduma
@Mkaa Chalinze hata ningeikanyaga ningenaswa mbele, sio nyuma nilikotoka. Gari lilikuwa na tani 28 za mahindi, kanyagia nini hapo.

#12 Kanyagio
Hiyo saa sio saa ya kosa, ni saa ya kuingiza. Askari anaandika kwenye daftari asubuhi, mtandao ukikubali mchana anaingiza zote kwa mkupuo, na sehemu anaacha ileile aliyopo yeye. Kwenye kosa akachagua lililo juu kwenye orodha. Bado nasimama na maelezo yangu ya #4.

#13 Fundi Spea
Au namba ya leseni imekosewa tarakimu moja. Mwenye kosa la mwendo ni mtu mwingine kabisa, wewe umeangukiwa. Mimi nilinunua Noah mwaka juzi, nimeshalipa hela yote, nimeshabadili kadi, siku naangalia deni nakuta notifikesheni nne. Tatu za mwenye gari wa kwanza, sawa, deni linafuata namba ya gari na sikuangalia kabla ya kununua, hilo kosa langu. Ya nne ni ya Tabora, na lile gari ukimuuliza aliyeniuzia anaapa halijavuka Morogoro. Nilikuja kuambiwa na askari mmoja muungwana kwamba herufi B na D kwenye namba za magari zinawaponza wengi. Angalia hilo deni lina namba ya gari gani.

#14 Dada wa Tegeta
Hii ya Fundi Spea iandikwe kwa wino mwekundu. Kabla hujatoa hela ya gari kaangalie deni, dakika moja tu kwenye simu.

#15 Semi ya Tunduma
Namba ya gari ni ya semi ile ile niliyokuwa naendesha. Kichwa, sio tela. Kwa hiyo leseni yangu na gari langu vyote viko sahihi, kilichokosewa ni kosa na saa.

#16 Fundi Spea
Basi yangu imekufa hapo 🙌

#17 Wakili Msomi wa Kijiweni
Niongeze ya kisheria kidogo maana kuna upotoshaji umeanza.

Sheria ni ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973 na marekebisho yake. Notifikesheni inatoka kifungu cha 95, na maana yake wewe unakubali kulipa bila kwenda mahakamani. SIO lazima ukubali. Ukiona hukutenda kosa una haki ya kusema sikubali, nipeleke mahakamani, na hapo jukumu la kuthibitisha linakuwa la Jamhuri. Watu wengi wanadhani lile karatasi ni hukumu, sio hukumu.

Mwendo ni kifungu cha 51(8), kilomita 50 maeneo ya makazi, na magari makubwa ya mizigo na mabasi mwisho wao 80 hata nje ya makazi. Kwa hiyo kwa mwenye semi tochi inaweza kumpata sehemu ambayo gari dogo kama IST linapita salama.

Kwa mleta uzi: ulikiri kosa, kwa hiyo ile kesi ya kuovateki huwezi kuikatia rufaa kupinga kutiwa hatiani, labda ukubwa wa adhabu au uhalali wake, na muda wenyewe ulishapita zamani, maana taarifa ya kusudio la rufaa ni siku 10 na rufaa yenyewe siku 45. Lakini huna shida na rufaa wewe, una shida na USHAHIDI kwamba ulilipa na kwamba saa zile ulikuwa mikononi mwa serikali. Hapo ndipo mwenendo wa shauri unapokusaidia.

Ila niungane na Dada wa Tegeta #8: kuadhibiwa mara mbili ni pale kosa ni lilelile. Hapa makosa kwenye karatasi ni mawili tofauti, mwendo na kuovateki. Mtu wa polisi atakwambia vyote vinaweza kutendeka kwa pamoja, mtu anayeovateki si anaongeza mwendo?

#18 Mama Kibegi
Na tani 28 za mahindi? Anaovateki bajaji inayotambaa, mwendo gani huo wakili?

#19 Wakili Msomi wa Kijiweni
Hoja nzuri, hiyo ampelekee RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa.

#20 Mkaa Chalinze
Mimi nilishawahi kukataa notifikesheni. Nilisimamishwa naambiwa 71 kwenye 50, nikasema nioneshe picha, akanionesha picha ya gari jeupe limefanana na langu ila namba haisomeki, imejaa mwanga wa jua. Nikasema sikubali, nipeleke. Nikaenda mara ya kwanza, shahidi hayupo. Mara ya pili, jalada halijafika. Mara ya tatu nikaambiwa shauri limeondolewa, nenda nyumbani. Nilishinda, lakini nauli, siku tatu za kazi, na mabosi kununa, ilinitoka zaidi ya laki. Kwa hiyo kukomaa ni haki yako, ila piga hesabu.

#21 Bati la Geji 28
Ndo maana nikasema alipe tu.

#22 Mama Kibegi
Na ndo maana wanaendelea kuandika. Kila mtu analipa tu yaishe. Baba yetu alikuwa dereva wa basi miaka ya tisini, kila karatasi ya trafiki aliitoboa akaifunga kwenye faili moja la kijani kwa mwaka, siku walipomwambia leseni yake ina makosa alibeba faili zima akaliweka mezani kwao. Hakulipa hata senti. Karatasi ni silaha.

#23 Otieno wa Kisauni
Niaje majirani. Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo, ukishikwa unaenda stesheni unalipa keshi beli, unapewa risiti na tarehe ya kwenda kotini. Wengi wanaona wameshalipa, hawaendi kotini. Hapo ndio makosa! Keshi beli ni dhamana, si faini. Usipotokea beli inachukuliwa na warranti ya kukukamata inatolewa, halafu miaka miwili baadaye unasimamishwa roadblock unaambiwa unatafutwa. Kaka yangu yalimfika hayo, alikuwa na risiti mfukoni anaringa nayo, kumbe risiti ni ya beli.

Ya mwendo tunayo jedwali ya makosa madogo ya 2016: ukizidisha kilomita 1 mpaka 5 unaonywa, 6 mpaka 10 ni shilingi 500, 11 mpaka 15 ni 3,000, 16 mpaka 20 ni 10,000. Kesi zenyewe unaweza kuzifuatilia kwenye mtandao wa mahakama ukiwa na namba ya kesi. Bila namba utazunguka.

#24 Dada wa Tegeta
Otieno umenistua. Mkuu #1, una uhakika ulicholipa ni FAINI na sio dhamana??

#25 Semi ya Tunduma
Nina uhakika. Hakimu alisema faini au jela, maneno hayo siwezi kuyasahau maana utingo wangu aliyekuwa benchi la nyuma alianza kulia. Alidhani ndo naondoka.

#26 Kijana wa Columbus
Nipo Ohio, naendesha malori pia. Huku tiketi ina namba yake na tarehe ya mahakama, na mahakama ya mji wetu karani wake ana tovuti, unaweka jina au namba ya tiketi unaona kila kitu, umelipa, hujalipa, kesi imefutwa, BURE. Cha kuwaonya ndugu zangu mliopo Marekani: ukigugo jina lako na neno kesi zinakuja tovuti za watu binafsi juu kabisa, zinakuchaji dola kadhaa kukupa kitu ambacho karani wa kaunti anatoa bila hela. Rukeni hizo, nendeni kwenye ya karani mwenyewe.

Na msilipe harakaharaka bila kuuliza, kwa sababu kulipa ni kukiri na pointi zinaingia kwenye leseni. Ohio ukifikisha pointi 12 ndani ya miaka miwili leseni inasimamishwa miezi sita. Kwa dereva wa lori hiyo ni njaa nyumbani.

#27 Mkaa Chalinze
Columbus vipi huko tochi wanajificha nyuma ya mwembe kama huku?

#28 Kijana wa Columbus
Miembe haipo, wanajificha chini ya madaraja 😄

#29 Kanyagio
Turudi kwenye uzi jamani. Hivi ile asilimia 25 inaongezeka mara moja au kila baada ya muda? Maana deni la 2019 mpaka leo lingekuwa limefika laki.

#30 Fundi Spea
Mara moja. Zangu zile tatu zote zilikuwa 37,500, na moja ilikuwa na miaka miwili.

#31 Bati la Geji 28
Shemeji yangu aliambiwa kituoni inaongezeka tena usipolipa.

#32 Fundi Spea
Aliambiwa au aliona kwenye skrini? Mimi nimeona kwenye skrini.

#33 Mzee wa Masjala
Kijana wangu wa #1, kitu kimoja nimekumbuka usiku. Malipo ya 2019 tayari yalikuwa yanapita kwa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini. Kama ulilipa kwa simu, yako au ya utingo, ujumbe wa malipo una ile namba, na hata simu ikipotea mtandao wa simu wanaweza kukutolea taarifa ya miamala ukienda na kitambulisho. Ukiwa na kontroo namba mkononi, mhasibu wa mahakama anaitafuta bila kugusa rejista. Anza hapo kabla hujapanda basi.

#34 Semi ya Tunduma
Mzee Mungu akubariki. Tulilipa kwa simu ya utingo. Yupo Songea siku hizi anafuga kuku. Nampigia sasa hivi.

#35 Semi ya Tunduma
Mrejesho wakuu, samahani kwa ukimya wa wiki mbili.

Utingo alishabadili laini, ile ya zamani imefungwa na haikuwa kwa jina lake, ilikuwa ya dada yake aliyeolewa Msumbiji. Hapo pakafa.

Nikapanda basi nikaenda mahakamani. Nilifuata maneno ya mzee, nikamwambia karani tarehe tu. Alikuwa binti mdogo, mstaarabu, akanitolea rejista ya 2019, kitabu kikubwa kona zimelika, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Tukafika tarehe yangu. Kesi ya trafiki, watu sita siku hiyo. Jina la kwanza ni langu, la pili langu, la ukoo limeandikwa la kijiji changu. Nadhani waliuliza "wa wapi" nikajibu, akaandika. Kosa kuovateki, amekiri, faini, na pembeni imeandikwa IMELIPWA kwa wino wa bluu. Niliposoma hilo neno nilitamani kulipiga picha, akaniambia hairuhusiwi, andika barua.

Barua nimeandika kwa mfawidhi, imegongwa mhuri wa kupokelewa, jalada lenyewe liko kwenye chumba cha kumbukumbu za zamani, nimeambiwa nirudi baada ya siku kumi na nne. Nikapita ofisi ya usalama barabarani na kopi ya barua. Afisa pale kasema hata nikileta mwenendo, ule ni wa kuovateki na deni ni la mwendo, kwa hiyo kwake hayo ni mambo mawili. Nikamuonesha saa na sehemu, akasema hiyo saa ni ya mashine, akaniuliza mbona nimekaa miaka yote bila kulalamika.

#36 Kanyagio
"Saa ni ya mashine." Si nilisema #12!

#37 Wakili Msomi wa Kijiweni
Angalia basi, kama saa ni ya mashine basi hata tarehe na sehemu ni za mashine, hawezi kuchagua anachokipenda. Kwenye mwenendo wa shauri yatakuwepo maelezo ya kosa yaliyosomwa na mwendesha mashtaka. Kama yanataja kwamba ulikuwa mwendokasi wakati unaovateki, basi hilo la mwendo lilishasikilizwa na hakimu na una hoja nzito. Kama hayataji, Dada wa Tegeta na yule afisa wana hoja. Usiandike chochote kwao mpaka umesoma hizo karatasi. Na omba urekebishiwe jina, la sivyo watakwambia huyo siye wewe.

#38 Mama Kibegi
Jina la ukoo la kijiji 😂 pole kaka yangu. Ukipata nakala zitoe kopi tatu, moja acha kwa mkeo.

#39 Bati la Geji 28
Na kazi ya transit imeishia wapi?

#40 Semi ya Tunduma
Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Siku kumi na nne za mahakama zinaisha tarehe 27.

#41 Fundi Spea
Samahani kuingilia, hivi kuna mtu anajua yule wa B na D anarekebishiwa wapi, RTO wa mkoa nilipo au wa Tabora? Yangu ya nne bado ipo.